Liverpool, manowari ya Sayyid Said iliyoishia Jamaica

Katika orodha ya manowari za Uingereza za karne ya 19 kuna jina Imaum. Kwa miaka mingi nililipita tu, mpaka nilipotambua kuwa ni ile ile Liverpool, merikebu ya mizinga 74 ambayo Sayyid Said, mtawala wa Oman, aliijia Mombasa. Tangu hapo siingii Ngomeni, yaani Fort Jesus, bila kutazama baharini kwanza.

Ilishushwa majini Bombay mwaka 1826, kwenye gudi ambako mafundi wakuu walikuwa Waparsi wa ukoo wa Wadia. Mbao zake ni za msaji. Pitisha kiganja juu ya ubao wa msaji utahisi utelezi kama wa nta: mti wenyewe una mafuta, kwa hiyo hauozi upesi, wala hauli misumari ya chuma kama ufanyavyo mwaloni wa Ulaya.

Mizinga 74 ni sitaha mbili za mizinga. Katika manowari za Kiingereza za kiasi hicho, ile ya sitaha ya chini ilirusha risasi za ratili 32, yaani kilo 14 na nusu, na mabaharia walipita 500. Kuwalisha tu ni mzigo mkubwa.

Januari 1828 Sayyid akafika nayo Mombasa, iliyokuwa mikononi mwa ukoo wa Wamazrui. Mizinga ilinguruma, lakini jambo lilimalizwa kwa mazungumzo: Salim bin Ahmed Mazrui alikubali askari wa Sayyid wakae ngomeni, naye abaki liwali. Sayyid akaendelea hadi Unguja, mara yake ya kwanza kufika huko. Haukupita muda, mapatano yakavunjika. Mwaka 1833 alishambulia tena, akashindwa. Wamazrui walianguka 1837, baada ya Salim kufa na ndugu kugombana, na viongozi wao wakakamatwa kwa hila.

Wakati huo Liverpool haikuwa yake tena. Mwaka 1836 alimzawadia Mfalme William wa Nne wa Uingereza, na Sayyid akapewa jahazi la anasa, Prince Regent. Kwangu mimi ile ilikuwa siasa: urafiki wa Uingereza ulimfaa kuliko mizinga ambayo Mombasa haikuiogopa. Waingereza wakaiita Imaum, ingawa Sayyid mwenyewe hakujiita Imamu.

Miaka ya 1840 ilikuwa Port Royal, Jamaica, makazi ya mabaharia wanaosubiri kupangiwa chombo. Oktoba 1856 Sayyid alifariki baharini karibu na Shelisheli, ndani ya manowari yake nyingine, Victoria. Liverpool bado ilikuwa imetia nanga Jamaica, na huko ndiko ilikovunjwa miaka ya 1860.