Je, Wajua Kwa Nini Subaru Impreza ya Zamani Hukarabatiwa Kwanza Kabla ya Kuongezwa Nguvu?

Mtu anayejipatia Subaru Impreza WRX ya miaka ya tisini mara nyingi huenda kwa fundi akiwa ameshaamua anachokitaka: ekzosi pana, presha ya tabo (feni inayozungushwa na gesi za ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) ipandishwe, kompyuta ya injini ipangwe upya. Fundi anayeifahamu injini hiyo humuuliza kwanza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, na mara nyingi mwenye gari hajui. Wapo wanaodhani kwamba fundi wa namna hiyo ni mwoga, au kwamba anatafuta njia ya kuuza vipuri zaidi. Swali lake lina sababu ya kitaalamu, na anayeielewa anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii nyumbani kwake bila kuunguza injini wala pesa.

Impreza iliingia sokoni nchini Japani mwishoni mwa mwaka 1992. Toleo la WRX, sedani ya milango minne yenye uzito wa takriban kilo 1,200, lilipewa injini ya EJ20 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,994, silinda nne zilizolazwa mbili kila upande, tabo moja na nguvu farasi 240. Kufikia mwaka 1996 toleo la STI, lile kali zaidi la WRX, lilikuwa limefika nguvu farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasikivuke. Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rali kwa Impreza mwaka 1995, akashinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na Richard Burns akashinda tena Safari kwa gari hilo mwaka 2000. Patrick Njiru wa Kenya aliendesha Impreza katika Safari ya mwaka 1994. Haishangazi basi kwamba gari hili linapendwa mno Afrika Mashariki.

Kizazi hicho cha kwanza kilikoma kutengenezwa mwaka 2000. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane, hata lile la mwisho kabisa lilipaswa kuwa limeshafika nchini kufikia mwaka 2008. Tangu hapo limekula matuta, vumbi na jua, limepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na kila mmoja ameliachia mwenzake kazi ambayo hakuifanya. Kuongeza nguvu ni kuongeza presha, joto na mzigo kwa wakati mmoja, na mambo hayo matatu huzitafuta zile sehemu zilizochoka kabla ya nyingine zote.

Tuanze na oili, kwa sababu hapo ndipo injini nyingi za EJ20 huishia. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouzuia usigusane na chuma kilichouzunguka ni utando mwembamba wa oili peke yake. Krenkishafti, yaani mhimili mkuu wa injini, na beringi za konekting rodi zinazouunganisha na pistoni nazo hutegemea utando wa namna hiyohiyo. Pistoni inaposukumwa kwa nguvu zaidi, utando huo hubanwa zaidi, na beringi iliyokwisha kulika hushindwa kuuhifadhi. Ndipo husikika ule mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, ambao kila fundi wa mtaani anaujua: injini imenoki. Ndani ya sampu, chombo cha oili kilicho chini ya injini, kuna bomba linalofyonza oili kwenda kwenye pampu, na katika injini hizi bomba hilo limejulikana kupata ufa linapozeeka. Likipata ufa, pampu hufyonza hewa pamoja na oili. Likiwa zima lakini oili imepungua, kona moja kali inaweza kuisogeza oili pembeni na kuliacha bomba likifyonza hewa vilevile. Kwa hiyo mwenye gari anayefungua sampu nyumbani kwa kazi yoyote ile angefanya vyema kubadilisha bomba hilo papo hapo, na kuikagua oili iliyotoka: ikiwa na vipande vidogo vinavyong'aa kama unga wa shaba, beringi zimeanza kulika, na mazungumzo ya kuongeza nguvu yanapaswa kusimama hapo mpaka injini ifunguliwe.

Jambo la pili ni mkanda wa taiming, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi ya nyumbani inayoharibiwa mara nyingi zaidi na watu wenye nia njema. Mkanda huo huzungusha kemushafti zote nne, yaani mihimili inayofungua valvu, pamoja na pampu ya maji. Ukikatika au ukiruka meno, pistoni hukutana na valvu na silinda hedi zote mbili zinaweza kuharibika. Muda wake ni takriban kilomita 100,000, lakini mpira huzeeka pia kwa miaka hata gari likiwa limesimama. Kubadilisha mkanda peke yake na kuacha tenshena inayoukaza, puli zake na pampu ya maji ni kuokoa kidogo na kuhatarisha kingi, kwani kimoja chochote kati ya hivyo kikikwama kitaukata mkanda mpya.

Puli zina alama za aina mbili, mishale na vijistari, na mgeni wa kazi hii huvutwa na mishale kwa sababu ndiyo inayoonekana upesi. Mkanda hupangwa kwa vijistari. Kwenye gia ndogo ya krenkishafti, alama inayotakiwa iko kwenye jino dogo la upande wa nyuma, nayo hulinganishwa na alama iliyo juu ya mwili wa pampu ya oili. Mshale ulio mbele ya gia hiyo hauhusiki. Isitoshe, kemushafti za upande wa kushoto hukaa zikiwa zimesukumwa na springi za valvu, hivyo mkanda unapovuliwa zinaweza kuruka ghafla. Zikizungushwa kiholela, valvu ya kuingiza na ya kutoa zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe, na mtu akapinda valvu kabla hata ya kuwasha gari. Hurudishwa polepole kwa spana, moja baada ya nyingine, na mkanda ukishafungwa injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha alama zikaguliwe upya kabla ya kugusa ufunguo.

Rejeta, mipira ya maji na vifuniko vyake havihitaji maneno mengi: vikiwa vya zamani, vibadilishwe. La kuzingatia ni kwamba injini iliyolala huficha hewa kwa urahisi, na maji yakijazwa haraka mapovu hubaki ndani na kuunguza gasketi ya silinda hedi. Maji hujazwa kidogo kidogo kupitia tangi dogo lililo karibu na tabo, injini ikiwa baridi, na baada ya kuwasha huachwa mpaka feni ijiwashe na kuzima mara kadhaa.

Sasa tuje kwenye joto linalotokea ndani ya silinda, kwani hapa ndipo penye jibu lenyewe la swali letu. Katika hali ya kawaida plagi hutoa cheche, na moto husambaa kutoka hapo hadi pembeni kwa mpangilio. Presha na joto vikizidi, sehemu ya petroli na hewa ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe. Mlipuko huo, ambao mafundi huuita kugonga, huipiga pistoni kama nyundo, na mapigo yakirudiwa huvunja kingo nyembamba zinazoshikilia ringi. Injini ina sensa inayousikiliza mlio huo, na kompyuta inapoupata huchelewesha cheche ili kuinusuru injini. Hata hivyo, uwezo huo una mpaka. Kompyuta ya Impreza za Japani ilipangwa kwa kutarajia petroli bora ya nchi hiyo, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na okteni 100, kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili presha bila kulipuka yenyewe. Petroli ya kawaida katika vituo vya Afrika Mashariki haifiki hapo. Maana yake ni kwamba gari ambalo halijaguswa na mtu tayari linaishi karibu na mpaka wake, na kila kipuri kilichochoka hulisogeza karibu zaidi: pampu ya petroli iliyodhoofika, injekta iliyoziba nusu, sensa ya hewa iliyofunikwa na vumbi, mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) wenye tundu dogo linalopitisha hewa iliyokwisha kupimwa. Yote hayo huvuruga mchanganyiko. Injini ya petroli isiyo na mzigo huchoma vizuri sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, lakini tabo inaposukuma kwa nguvu, mchanganyiko hutakiwa ushuke hadi karibu 11 kwa 1, kwa kuwa petroli ya ziada hupooza chumba cha moto. Gari lenye pampu dhaifu hukosa petroli hiyo wakati linapoihitaji kuliko wakati wowote.

Hata ekzosi pana, ambayo wengi huiona kama badiliko lisilo na madhara, huingia katika hesabu hii. Gesi zikitoka kwa urahisi, tabo huzunguka kwa urahisi zaidi, na kile kilango kidogo cha kupunguzia presha, kinachozipitisha gesi kando ya tabo, kinaweza kushindwa kupitisha gesi yote inayopaswa kukwepeshwa. Presha basi hupanda kupita kiwango kilichowekwa, bila mtu yeyote kuipandisha.

Kwa wakazi wa Nairobi kuna jambo jingine ambalo naliona kuwa halizungumzwi inavyostahili. Jiji hilo liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya takriban kilopaskali 83, ilhali Mombasa ni kama 101. Kwenye gari la tabo, kilango cha kupunguzia presha kinachofanya kazi kwa springi hulinganisha presha ya ndani na ile ya nje. Tuseme gari limepangwa Nairobi kwa presha ya ziada ya kilopaskali 80: jumla ndani ya injini ni 163. Likishuka Mombasa na springi ileile, jumla inakuwa 181, yaani ongezeko la takriban asilimia 11 ya presha, tena katika joto la pwani na kwa petroli ileile. Kompyuta sasa inasoma sehemu ya jedwali lake la petroli na cheche ambayo fundi wa Nairobi hakuifikia wakati wa kupanga, kwa sababu injini haikuweza kufika huko. Gari lililokuwa salama mwaka mzima linaweza kuanza kugonga pale linapovuta kwa nguvu baada ya Voi, njiani kwenda Mombasa, na dereva, akiwa na muziki na madirisha wazi, asisikie chochote.

Ndiyo maana mpango wa kazi nyumbani unapaswa kuanza na vipimo. Kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda huweza kuibana, ipimwe kwenye silinda zote nne, injini ikiwa na joto. Zikiwa na namba zinazokaribiana ni habari njema, na moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hakuna kipuri cha nje kitakachoitibu. Plagi za injini hii zimebanwa kati ya silinda hedi na fremu, hivyo inabidi betri na boksi la chujio la hewa vitolewe kwanza, lakini ni kazi ya mchana mmoja, na plagi zenyewe hueleza mengi: chembe ndogo zinazong'aa juu ya kauri nyeupe ni alama ya pistoni inayoyeyuka kidogo kidogo.

Breki hufuata, na hapa sina subira na wanaozichelewesha. Mafuta ya breki ya DOT 4 hufyonza unyevu wa hewa. Yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, ila yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155, na kanyagio likazama mpaka chini kwenye mteremko mrefu. Yabadilishwe pamoja na mipira yake kabla ya kununua diski kubwa. Bushi za mikono ya mbele na ya nyuma zikibadilishwa pamoja na shokapu, wenye magari wengi hugundua kwamba gari walilolidhania kuwa dhaifu lilikuwa linapoteza ubora wake kwenye mpira uliooza. Wakati gurudumu liko nje, matao ya nyuma na sehemu zinazoshikilia shokapu za nyuma zikaguliwe kutu, hasa kwa gari lililoishi pwani. Kazi yote ya chini ya gari ifanywe juu ya stendi za chuma, kamwe si juu ya jeki pekee.

Baada ya hayo, kuongeza nguvu kunakuwa jambo la busara na hata la furaha: pampu mpya ya petroli, geji ya kupima mchanganyiko, ekzosi nyepesi, na mwisho kompyuta ipangwe na mtu anayesoma kumbukumbu za sensa ya kugonga badala ya kukisia kwa sikio. Mwenye gari anayeishi Nairobi na kusafiri pwani amwombe fundi aache nafasi ya kutosha kwenye sehemu za jedwali ambazo hazikupimika, au apunguze presha kwa safari hiyo, kisha arekodi data njiani kuanzia Voi hadi Mombasa na kumrudishia asome. Anayetaka kubakiza ule mngurumo unaolitambulisha gari hili kabla halijaonekana asibadilishe manifoldi ya ekzosi ya kiwandani: mabomba yake ya kushoto na kulia yana urefu tofauti, mapigo ya gesi hufika kwenye tabo kwa vipindi visivyo sawa, na manifoldi yenye mabomba yanayolingana huuondoa mlio huo mara moja.