Mnunuzi wa alizeti anayeweka pesa mwezi wa kutoa

Kila ninapoendesha mafunzo ya kutambua fedha haramu, yaani pesa ya uhalifu inayopitishwa benki ili ionekane halali, kwa wahudumu wa benki hapa Dodoma, swali la kwanza huwa lilelile: "Nianze kushtuka ikifika milioni ngapi?" Wanatamani niwatajie namba wakaibandike ukutani. Siwatajii. Miamala mikubwa ya taslimu inayofikia kiwango cha kisheria hutolewa taarifa, mteja awe shehe, padri au jambazi. Taarifa ya muamala wenye shaka ni jambo jingine, na haina kiwango cha chini. Laki mbili zinaweza kutosha kuiandika, na milioni mia mbili zikawa safi kabisa.

Ninachowaambia watazame ni kama pesa inaendana na shughuli anayoisema mteja. Ili ujue hilo lazima uijue shughuli yenyewe, na bahati yetu huku kanda ya kati ni kwamba biashara nyingi zina msimu unaojulikana.

Chukua alizeti. Mnunuzi anayezunguka vijiji vya Kongwa, Kondoa au Iramba wakati wa mavuno, Mei hivi hadi Julai, anahitaji taslimu. Mkulima anataka kulipwa gunia likiwa bado kwenye mzani. Kwa hiyo akaunti ya mnunuzi wa kweli ina sura yake: miezi hiyo anatoa taslimu nyingi, siku hadi siku, halafu kiwanda cha kukamua mafuta kinamlipa kupitia benki kwa mkupuo. Taslimu inatoka, malipo ya benki yanaingia. Sasa ukimkuta mtu aliyefungua akaunti kwa jina la biashara ya mazao, lakini yeye ndiye anayeleta taslimu dirishani kila baada ya siku mbili, kisha siku hiyohiyo pesa inahamishiwa kwa muuza vipuri vya magari Dar es Salaam, basi mto wake unapanda mlima. Kiasi kinaweza kuwa cha kawaida kabisa. Kilichogeuka ni mwelekeo.

Mwezi peke yake si ushahidi, maana wapo wanaoweka mzigo ghalani mpaka Desemba au Januari wakisubiri bei ipande. Ndiyo maana tunauliza: ghala liko wapi, nani amenunua, ushuru wa mazao umelipwa halmashauri gani? Mfanyabiashara wa kweli anakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na anakuongezea malalamiko kuhusu bei ya mwaka huu. Yule mwingine anakwambia, "Ni biashara tu, dada," akaangalia saa.

Wahudumu wa dirishani wana kitu ambacho sisi tunaokaa na ripoti hatuna: wanazishika noti. Duka la rejareja la pale Majengo linatakiwa kuleta noti za elfu moja, elfu mbili, elfu tano zilizokunjwakunjwa, pamoja na sarafu. Likileta mabunda ya elfu kumi tupu, vichwa vimeelekea upande mmoja, mengine bado yana karatasi yenye muhuri wa benki nyingine, jiulize ni wateja gani hao wanaonunua chumvi kwa elfu kumi mpya na hawadai chenji.

Nyumba za wageni nazo zinahesabika. Vyumba 12, elfu 30 kwa usiku, vikijaa vyote kwa siku 30, unapata milioni 10 na laki 8. Hata ukiongeza soda na chipsi hufiki milioni 35 ambazo mwenye nyumba anakuja kuziweka kwa mwezi. Hapa Dodoma tuna kipimo ambacho miji mingine haina, nacho ni Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kuishia mwishoni mwa Juni, na kipindi hicho chumba kinapatikana kwa tabu. Bunge likiahirishwa, mauzo yanashuka. Nyumba ambayo mapato yake hayatikisiki, Bunge liwepo lisiwepo, inastahili kutembelewa jioni moja uone taa za vyumba vingapi zinawaka. Mtu wa namna hii pia hulipa kodi bila manung'uniko. Wafanyabiashara wengi hushawishika kupunguza mauzo mbele ya TRA. Yeye anayaongeza, kwa sababu shilingi iliyokatwa kodi imeshapata maelezo ya ilikotoka.

Halafu kuna mikopo, na hapa mameneja wa matawi hawapendi ninachosema. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, viwanja vya Nzuguni, Iyumbu na kuelekea Mtumba vimekuwa vikinunuliwa na kuuzwa kwa kasi. Sema mteja ameweka kiwanja dhamana, amekopa milioni 60 za kurejesha kwa miaka mitatu. Mwezi wa nne tangu akope anakuja mtu mwingine kabisa na taslimu, analipa deni lote. Tawi linashangilia mkopo umefungwa bila usumbufu. Lakini mtu mwenye uwezo wa kulipa yote ndani ya miezi minne alikuwa anatafuta nini kwenye riba? Alikuwa anatafuta mkataba. Akiulizwa nyumba ameijengaje, anatoa karatasi za benki: nilikopa.

Akaunti za kukodisha nitazigusa tu. Huu ni mji wa vyuo, na kuna vijana wanaoambiwa, "Niazime akaunti yako, utakula asilimia tano." Akaunti iliyozoea kupokea elfu ishirini ya matumizi kutoka kwa mama inaanza kupokea laki nane mara sita kwa siku, kutoka mikoa tofauti, na zote zinatolewa kwa wakala ndani ya saa hiyohiyo. Mwenye laini na kitambulisho cha NIDA ni mwanafunzi, kwa hiyo wa kwanza kutafutwa na polisi ni yeye.

Kinachoniudhi zaidi ni watu kupimwa kwa mavazi. Jumatatu baada ya mnada wa Msalato anaingia mfugaji kutoka Chemba, amejifunga shuka, miguuni katambuga, milioni 40 ziko ndani ya mfuko wa salfeti. Mlinzi anamkazia macho, mhudumu anamuuliza mara tatu. Ameuza ng'ombe! Mwambie akuonyeshe stakabadhi ya ushuru wa mnada na kibali cha kusafirisha mifugo, mara nyingi anavyo kwenye mfuko wa koti. Nyuma yake amesimama bwana wa suti mwenye kampuni isiyo na ofisi wala mfanyakazi, na huyo anakaribishwa chai kwa meneja. Ukitaka kumjua, waulize BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, mmiliki manufaa wa kampuni, yaani anayeimiliki na kuifaidi hasa, ni nani, ulinganishe na jina la anayesaini hundi.

Ukishapata shaka, hupaswi kuthibitisha uhalifu. Hiyo si kazi yako. Ipeleke kwa afisa wa benki anayesimamia udhibiti wa fedha haramu, naye ana saa 24 tangu shaka ilipojengeka kuifikisha kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, kama inavyotaka sheria ya mwaka 2006. Na usimtonye mteja. Hata ule utani wa "kaka, wanakufuatilia" unaweza kukupeleka mahakamani. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, Oktoba 2022 na ikatolewa Juni 2025. Nchi ikiwa humo, benki za nje huongeza maswali juu ya malipo yake, na anayecheleweshwa mzigo bandarini ni mfanyabiashara mwaminifu.

Sasa taarifa yenyewe. Nyingi ninazopewa kuzikagua wakati wa mafunzo zimeandikwa, "Mteja ana mwenendo wa kutia shaka." Hiyo haimsaidii mtu. Andika hivi: "Mteja alifungua akaunti Machi, akajaza kuwa ananunua alizeti. Kati ya tarehe 3 na 28 Juni aliweka taslimu mara 11, jumla milioni 94, zote noti za elfu kumi. Hakutoa taslimu hata mara moja. Siku zote 11 fedha zilihamishwa kabla ya saa kumi jioni kwenda akaunti mbili zilezile. Alipoulizwa mnunuzi wake ni kiwanda gani, alitaja kiwanda ambacho hakijawahi kumlipa kupitia akaunti hii." Mchambuzi atakayeisoma hajawahi kufika tawini kwako na hajamwona mteja. Kwa hiyo ambatisha fomu ya kufungulia akaunti na hati za kuwekea fedha, hasa zile ambazo mwandiko wake si wa mteja.