Hifadhi baridi ya tende: maana yake

Hifadhi baridi ni kuiweka tende iliyovunwa mahali penye ubaridi usiopanda na kushuka, ili isibadilike upesi. Maana tende hata ikitoka mtini haijatulia: rangi yake huzidi kuiva weusi, maji huipungua au huizidi kufuatana na hewa, na yai la mdudu lililojificha karibu na kokwa hungoja joto tu lipate kuanguliwa.

Mombasa joto hilo halingojewi. Boksi la tende laini likikaa wiki kadhaa kwenye duka la soko la Markiti, utaona asali imechuruzika hadi kwenye kona za karatasi na sisimizi wameshapanga safu.

Kwenye nyuzi 0 za Selsiasi tende hukaa vizuri miezi 6 hadi 12. Aina ya Medjool, kwa ulaini wake, huwahi kuchoka. Aina ya Deglet Noor hustahimili zaidi. Zikigandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hupita mwaka, na saa 48 za baridi hiyo, zikihesabiwa tangu tende yenyewe iifikie, huua wadudu pamoja na mayai yao.

Linaloniuma ni tende nzima kutupwa kwa sababu ya madoa meupe chini ya ganda. Watu hudhani ni ukungu. Mara nyingi ni sukari iliyoganda, nayo huzidi tende zikikaa muda mrefu penye joto, baridi huipunguza. Pasua moja uisugue kwa kidole: sukari hukwaruza kama mchanga na huyeyuka kwenye maji ya moto. Ukungu una manyoya, na hunuka uvundo.

Tende mbichi za manjano, kama Barhi, zina mambo yake. Barafu hupasua chembe za ndani, kwa hiyo zikitoka kwenye friza huwa laini na ukakasi hupungua. Anayezitaka ngumu asizigandishe.

Hasara kubwa, nionavyo, hutokea siku ya kuzitoa. Ramadhani imekaribia, mtu anatoa pakiti kwenye friza na kuifungua papo hapo. Unyevu wa hewa ya pwani ukigusa tende baridi hugeuka matone, ganda hulowa, na tende iliyolowa huchacha. Iache pakiti imefungwa. Matone yatatanda juu ya nailoni na ndani kubaki pakavu. Ukishaisha ule ubaridi, ifute, ndipo uifungue.