Ganda la matoke huwa taka pale unapolichanganya

Kabla jua halijachomoza pale Kibuli, Kampala, mwenye hoteli ndogo ameshamenya mkungu wa matoke na kutia maganda guniani. Saa nne yanafuatwa na majani ya chai, miiba ya samaki, chupa za plastiki na kavera (mifuko ya plastiki) zilizojaa mafuta. Jioni gunia linanuka, na kijana wa mkokoteni analipwa alibebe. Asubuhi kilikuwa chakula cha mbuzi.

Tukitaja uchumi wa mzunguko, yaani kurudisha taka kazini badala ya kuzitupa, mafunzoni, wengi hufikiria mitambo na wafadhili. Kwa biashara ndogo tunazungumzia gunia la pili: maganda peke yake, mengine kwingine. Wafugaji wa Kampala na pembezoni mwake huyatafuta maganda kwa ng'ombe na mbuzi, lakini wanayataka ya siku hiyohiyo. Yakilala yamefungwa huchacha na kuota ukungu.

Asiye na mfugaji karibu anaweza kutengeneza makaa. Maganda makavu hutiwa kwenye pipa na kuunguzwa kwa hewa kidogo hadi yawe meusi bila kugeuka jivu. Kisha husagwa, huchanganywa na uji wa unga wa muhogo, hushindiliwa katika vitofali na kuanikwa. Wengi huharibia mwanzoni, kwa kutia maganda mabichi. Ganda bichi karibu lote ni maji, kwa hiyo moto wako utaishia kulikausha na utabaki na moshi tu. Lianike mpaka livunjike mkononi. Wakati wa masika, kama huna paa la kuanikia, sikushauri hata kujaribu. Na makaa haya, sawa na ya mti, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usiyawashe chumbani mlango ukiwa umefungwa.

Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaofua sigiri na kusubu sufuria kutokana na vyuma chakavu walianza kurudisha taka kazini bila semina yoyote. Hata jani la mgomba tunalofungia matoke ni kifungashio kinachorudi shambani, ilhali kavera nyembamba zisizofika unene wa mikroni 30 zimekatazwa na Sheria ya Mazingira ya Uganda ya 2019 na bado zinafungia chapati barabarani.

Yasiyochambuliwa yalikuwa yakienda Kiteezi, jaa la taka za Kampala lililofunguliwa 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wake wa taka uliporomoka juu ya nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Kabla ya kukopa pesa za mashine ya kushindilia makaa, nunua mizani ya kuning'iniza na daftari. Pima maganda kwa siku 7, na pembeni andika ulichomlipa mwenye mkokoteni. Halafu zungumza na mfugaji. Hata akikataa kulipa, ilimradi anakuja kila siku na gunia lake, angalia ile safu ya mkokoteni imepungua kwa kiasi gani.