Kukereza si kuchonga

Juzi hapa Majengo kijana mmoja aliniuliza wapi atapata "mashine ya kuchonga" ili atengeneze fimbo za pool nyumbani kwao. Ni mara ya tatu mwaka huu nasikia hivyo.

Anachokitaka ni kerezo. Kerezo huushika mti na kuuzungusha, kisu kikiugusa ubavuni, mpaka utoke mviringo. Basi.

Lakini kuchonga ni kitendo kingine kabisa. Ukichonga, mti umetulia na mkono ndio unaokwenda. Pita kwa wachongaji wa Changamwe uone tezo inavyokula mti. Ukitoboa kwa keke, mti bado umetulia, ila chombo ndicho kinachozunguka. Ukikereza, mambo yamegeuka: mti wazunguka, kisu chaungojea. Vitendo vitatu, na kila kimoja kina neno lake. Kereza ikazaa kerezo kama ziba ilivyozaa kizibo. Ukimsikia mzee wa Pwani akisema keeza na keezo, usimsahihishe, neno ni lile lile. Na itazame miguu ya vitanda vya kale vya Lamu, pete juu ya pete, zote zimelingana. Hiyo si kazi ya tezo.

Neno likipotea, pesa nazo hupotea. Jirani yangu aliomba "ya kuchonga" akauziwa kerezo fupi la kukerezea mabakuli, lile ambalo patasi hushikwa kwa mkono. Fimbo ya pool huanza na unene wa milimita 32 hivi kitakoni, ikapungua polepole hadi 13 au chini yake nchani. Mti mwembamba namna hiyo ukiusukuma kwa mkono hupinda na kutetemeka, ukatoka na mawimbi. Ndiyo maana mafundi wengi wa fimbo hutumia kerezo la kukerezea chuma, ingawa wanakereza mbao: kisu chake hufungwa juu ya kigari kinachoteleza kwenye reli, kikala kidogo kidogo. Na kidogo kidogo ni lazima, hasa kwa unyevu wetu huu wa bahari. Mti hupunguzwa, ukapumzishwa majuma, ukarudiwa.

Urefu nao una hesabu yake. Fimbo ya inchi 58 inayoungwa katikati ina vipande viwili vya sentimita 74 hivi, kwa hiyo nafasi baina ya kichwa na mkia wa kerezo, pande mbili zinazoushika mti, izidi hapo. Ile inayoungwa karibu na kitako, kipande chake kirefu hupita mita moja.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifika dukani usiseme ya kuchonga. Sema unataka kerezo la chuma, na tundu la kichwani lipitishe mti wa milimita 32 bila kukwama. Kisha nyamaza, umsikilize muuzaji atakujibu nini.