Ofisi ya kazi haina fomu ya kununiwa

Malalamiko yanayofika mezani kwangu hapa Kigoma siku hizi huanza kwa maneno yale yale: "Afisa, sisi wanawake hatupendani." Mlalamikaji ni mwanamke, anayelalamikiwa ni mwanamke. Nikiuliza ametendewa nini, nasimuliwa vijembe vya kwenye status, salamu isiyoitikiwa, chai inayonywewa kwa makundi. Nasikiliza. Lakini tuelewane, jamani: ofisi ya kazi haina fomu ya kununiwa.

Shida ni kwamba ndani ya habari ya kununiwa mara nyingi kumefichwa jambo zito. Nichukue karani mmoja wa duka la jumla pale Mwanga (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Mtoto wake wa miezi mitano alikuwa akibaki na bibi yake Mwandiga. Kila akiomba ruhusa saa tano akanyonyeshe, msimamizi wake, mama wa watoto wanne, alimjibu: "Mimi nimelea wangu nikiwa hapa hapa kaunta, hakuna aliyenidekeza." Wenzake wanaangua kicheko. Mwezi uliofuata akapangiwa zamu ya kufunga duka kila siku, halafu ikaja barua ya onyo la utoro. Alipofika kwangu alieleza kicheko kile kwa dakika arobaini. Barua aliitoa mwisho kabisa, imekunjwa mara nne mkobani.

Mama, hiyo barua ndiyo ungeanza nayo!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi. Si hisani ya msimamizi. Kwamba yeye alinyimwa enzi zake hakumpi idhini ya kumnyima mwingine. Likizo ya uzazi nayo ni siku 84 zenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na huruhusiwi kurudishwa kazini kabla ya wiki 6 tangu kujifungua isipokuwa daktari athibitishe kwamba unaweza. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia au ujauzito, na unyanyasaji kwa misingi hiyo unahesabiwa kuwa ubaguzi. Wapo wanaoniambia kwamba mwanamke hawezi kumbagua mwanamke mwenzake. Sijui wazo hili limetoka wapi. Sheria haikuuliza mbaguzi amevaa suruali au gauni. Faini yake ni hadi shilingi milioni 5, na mfanyakazi akionyesha dalili za awali za ubaguzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukuwepo.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msisome harakaharaka. Andika malalamiko kwa mwajiri, baki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Isipojibiwa, jaza fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mkabidhi mwajiri nakala kwanza, kisha peleka fomu Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Bila uthibitisho utarudishwa. Kama umeachishwa kazi una siku 30. Mgogoro mwingine, siku 60. Ukichelewa utaomba kuongezewa muda kwa fomu Na. 2 na hati ya kiapo yenye sababu, na "nilikuwa namwachia Mungu" hatuwezi kukuhakikishia kwamba itapokelewa kuwa sababu. Tume haitozi ada. Watumishi wa umma, njia yenu huanzia kwenye mamlaka zenu za utumishi, msianze na Tume.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Wapo wasimamizi wanawake wanaoletwa kwangu kwa kosa la kusimamia kazi tu. Barua ile ile ya onyo ikitoka kwa mwanamume inapokelewa kimya. Ikitoka kwa mwanamke inaitwa wivu. Kabla hujaja, jiulize kama ungelalamika angekuwa "baba" fulani.

Kinachonikera kuliko yote ni ushahidi. Tunachangiana kitchen party, tunashona sare za send-off, kikoba cha ofisini hakikosi mtu. Anapotakiwa mmoja aseme "ndiyo, nilikuwepo, alinyimwa ruhusa", wote ghafla walikuwa stoo. Miaka ile narudi kutoka uzazi, mama mmoja wa masjala alisimama mbele ya mkuu wetu akataja tarehe tatu nilizozuiwa kutoka. Alikuwa ameziandika nyuma ya kalenda. Sikumwomba.

Yule karani alipata shahidi mmoja, yule aliyekuwa akicheka kwa sauti kuliko wote. Shauri likaishia kwenye usuluhishi. Masharti waliyokubaliana ni siri ya wahusika, siwezi kuyaandika hapa.