Supremes na kii isiyokuwa yao

Juzi kuna dada kaja studio kurekodi, anang'ang'ania kupanda juu mpaka mishipa ya shingo inamtoka, nikashusha kii, yani kimo cha wimbo, akaninunia kweli. Nikamwambia kaa, vaa hedifoni, nikampigia Where Did Our Love Go ya Supremes, kundi la mabinti watatu wa Marekani.

Ule mlio wa mwanzo, kwo kwo kwo, watu wengi wanadhani ni makofi, kumbe ni jamaa anaitwa Mike Valvano anakanyaga vipande vya mbao. Ila nilichotaka asikie ni sauti ya Diana Ross, anayeongoza. Sikiliza rekodi zake za nyuma, anapaa juu, sauti inatokea puani. Humu katulia, kama anakuongelesha sikioni.

Hakupanga. Hawa mabinti walitoka nyumba za serikali za Brewster, Detroit, wakijiita Primettes, yani dada zao Primes, kundi la kiume ambalo wawili wake ndo wakaja kuwa Temptations. Lebo ya Motown wakawasaini 1961, jina la Supremes akachagua mmoja wao, Florence Ballard. Afu kimya. Miaka inapita, ngoma zinatoka hazifiki popote, mpaka pale lebo wakawa wanataniwa Supremes wasio na hiti.

Sa 1964 maprodyuza Holland, Dozier na Holland wana biti wamewatengenezea Marvelettes, kundi lingine la mabinti wa Motown, wale wakaikataa katakata. Biti ishapigwa, bendi ishalipwa, utaitupa? Wakapewa Supremes, nao hawakuipenda, na kii ilikuwa ya Gladys Horton wa Marvelettes, chini kuliko Diana alivyozoea, basi ikabidi ashuke nayo. Wenzake Mary Wilson na Florence walipangiwa kuitikia kwa mizunguko kibao, yote ikafutwa, wakabaki na "baby, baby" tu.

Walikuwa kwenye ziara ya mtangazaji Dick Clark, wameanza kama wasanii wa kujazia shoo, ngoma ikapanda wakiwa njiani, Agosti ikakaa namba moja Marekani. Zilizofuata nne nazo namba moja, mfululizo.

Kwangu mimi mwenye sauti nzito zaidi pale ni Florence, sauti ya kanisani kabisa, ila biti ile haikuwa na nafasi yake na bosi wa Motown Berry Gordy alikuwa keshaamua Diana ndo aongoze. 1967 akatolewa kundini, 1976 akafariki, miaka 32 tu. Mkiipiga tena mtafuteni, yupo nyuma kwenye ile "baby, baby".